Tripu ya nne ni ya nani?

SWALI: Shikamoo Mzee. Mimi ni mama wa miaka 41, nina duka la vifaa vya ujenzi hapa Himo. Mwishoni mwa mwaka jana nilichukua mkopo benki, milioni 85 kwa miezi 36, nikanunua Scania, kichwa na tela la ekseli tatu. Marejesho ni milioni 3.1 kila mwezi. Dereva ni mdogo wangu wa tumbo moja, namlipa laki sita. Tangu tuanze tunaokota mizigo kwa madalali. Kuna wiki tunapata, kuna wiki gari linalala uwanjani mpaka kuku wanataga chini yake. Sasa kampuni moja ya Arusha inataka niingize gari kwao. Wameahidi tripu nne za Dar kwa mwezi, kila moja milioni 3.8 kwenda na kurudi. Wao wanakata asilimia 15, mafuta wanaweka kwa kadi yao na kuyakata humo humo, malipo ni baada ya siku 30. Wanataka amana ya milioni mbili, na kadi ya gari ibadilishwe iwe kwa jina lao, eti kurahisisha mambo ya leseni ya LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, na bima. Mume wangu anasema asilimia 15 ni kuwalisha watu bure. Mdogo wangu anasema tusaini hata leo. Nifanye nini?
Mama Duka, Himo

JIBU: Marahaba mama, na hongera. Wengi huniandikia wakiwa wameshasaini, hapo kazi yangu inabaki kuwapa pole.

Barua yako nimeisoma nikiwa Unga Limited, Arusha, kwenye benchi la fundi tairi ambako siku hizi ndiko ofisini kwangu. Hesabu nimeipiga nyuma ya boksi la filta, kwa hiyo ukiona nimekosea shilingi mbili tatu nisamehe.

Kutoka Moshi hadi Dar na kurudi ni kama kilomita 1,100. Scania yangu ikiwa na mzigo ilikuwa ikinipa kilomita 2.2 kwa lita, nikiwa na dereva mwenye mguu mwepesi. Hiyo ni lita 500. Tuseme dizeli ni shilingi 2,900: milioni 1.45 imeondoka. Asilimia 15 ya kampuni ni 570,000. Posho ya dereva na utingo, maegesho na vijisenti vya njiani, weka 350,000. Unabaki na milioni 1.43 kwa tripu. Mara nne ni milioni 5.72.

Sasa toa. Benki 3.1. Mdogo wako 0.6. Halafu tairi, ambazo wenye gari jipya huzisahau mpaka siku ya kilio. Kichwa chako na tela hilo ni tairi 22. Ukiweka laki sita kwa tairi na zikakaa mwaka mmoja, ni milioni 1.1 ya kutenga kila mwezi. Unabakiwa na laki tisa na ishirini, na humo humo kuna bima, sevisi, na ile spea ambayo haijaharibika bado.

Piga tena kwa tripu tatu. Milioni 4.29, toa vilevile: umeingia hasara ya nusu milioni. Hata ukisema tairi zitaliwa polepole zaidi, bado hutoboi.

Umeona? Mumeo anapigana na ile asilimia 15, lakini faida yako yote imo kwenye tripu ya nne. Kampuni ikikukata 15 na kukupa tripu nne za kweli, unapumua. Ikikukata 10 na kukupa mbili na nusu, benki watakuja kulichukua gari. Kwa hiyo swali la kwanza kwa hao watu wa Arusha ni hili: tripu nne mmeziahidi kwa mdomo au mtaziandika? Na gari likikaa siku tano Dar likisubiri mzigo wa kupanda, nani anamlisha dereva?

Usiwaulize wao peke yao. Nenda Jumamosi jioni kwenye uwanja wanakoegesha, hesabu magari yaliyolala. Yale yenye vumbi kwenye kioo cha mbele yana hadithi. Kaa na madereva, waagizie chai, waulize mwezi uliopita walishuka Dar mara ngapi. Dereva hajui kudanganya kuhusu safari, kwa sababu posho yake imo humo.

Sasa upande wa mumeo, maana naye ana hoja. Mkitembea wenyewe, ile 570,000 inabaki nyumbani. Tuseme dalali anachukua laki na nusu kwenda, laki na nusu kurudi. Unabaki na milioni 1.7 kwa tripu. Tripu tatu za namna hiyo ni 5.1, nne ni 6.8. Kwa karatasi, kujitegemea kunalipa zaidi. Mimi mwenyewe karatasi hiyo iliniua.

Mwaka 2013 nilitoka kwenye kampuni kwa hasira ya makato. Nikapata mteja wa Dar mwenye jina kubwa, mzigo upo wiki kwa wiki, bei nzuri. Wenye maduka huwa wanakupa nusu ukipakia na nusu ukishusha. Huyu alikuwa mtu wa ankara: unapeleka, unakusanya mihuri, unawasilisha, unasubiri. Tripu ya kwanza alinilipa siku ya 94. Mpaka siku hiyo nilikuwa nimeshamwekea dizeli ya tripu tisa kwa pesa yangu, ya shemeji, na ya mtu mmoja wa riba ambaye mpaka leo nikimwona sokoni Kilombero nabadilisha njia. Alinilipa yote, sikudhulumiwa hata senti. Ila tela nilikuwa nimeshaliuza.

Chukua hesabu yako uone. Mteja akikulipa baada ya siku 60 na wewe unakwenda tripu tatu kwa mwezi, utagharamia tripu sita kabla ya kuona chochote. Mafuta na posho ni milioni 1.8 kwa tripu, hiyo ni 10.8. Benki miezi miwili 6.2. Mdogo wako 1.2. Jumla milioni 18.2 mfukoni, taslimu, mbali na mtaji wa duka. Unazo? Kama unazo, mumeo ameshinda na hata mimi nitasimama upande wake. Kama huna, ile asilimia 15 ni bei ya kutokusubiri, na kwa mwenye marejesho si bei mbaya. Kampuni inakuwekea mafuta na kukulipa siku ya 30. Hicho ndicho unachonunua kwao. Usiwaamini wakisema ni mtandao wa wateja na nembo kwenye mlango.

Mpwa wangu yuko Ohio, Marekani, ana lori lake. Nilidhani kule mambo ni tofauti, kumbe mjadala ni huu huu: ukae chini ya kampuni kwa asilimia, au ukate kibali chako. Ukikata chako, sheria ya shirikisho inakudai bima ya madhara kwa wengine isiyopungua dola 750,000 kwa mizigo ya kawaida, na madalali wengi wanataka ifike milioni moja. Kwa hiyo naye amebaki kwenye kampuni. Lakini kilichonivutia ni jinsi walivyombana mwenye kampuni. Mwenye gari akishawasilisha karatasi za safari, anatakiwa alipwe ndani ya siku 15. Amana yake irudishwe ndani ya siku 45 baada ya mkataba kwisha. Na kama analipwa kwa asilimia, ana haki ya kuiona ankara aliyotozwa mteja, ajue asilimia hiyo ni ya ngapi.

Hizo ni sheria za kwao, hazivuki bahari. Ila hakuna anayekukataza kuyaandika mambo hayo hayo kwenye mkataba wako. Hasa la ankara. Wewe umeambiwa tripu ni milioni 3.8. Nani amekuonyesha? Inawezekana mteja analipa 4.5, wanakata juu kwa juu, kisha wanakukata tena 15 chini. Na milioni mbili zako za amana ziandikiwe tarehe ya kurudi na sababu zinazoruhusiwa kukatwa. Mimi ya kwangu ilirudi nusu, nusu nyingine nikaambiwa ni "usimamizi". Usimamizi wa nini, sikuwahi kujua.

Mafuta nayo yana mlango wa nyuma. EWURA, mamlaka inayodhibiti bei za mafuta, hutangaza bei kikomo kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, na bei hutajwa mji kwa mji. Kila wakikukata mafuta, linganisha bei yao kwa lita na bei ya mji ambako gari limejazwa. Kisha andikeni kwamba dizeli ikipanda kupita kiasi fulani, nauli ya tripu nayo inasogezwa. Bila hivyo mkataba wa miezi sita unageuka kamari, na anayecheza ni wewe peke yako.

Kadi ya gari: hapana. Hapa sina maelezo marefu. Umenunua kwa mkopo wa benki, na mara nyingi jina la benki limo kwenye kadi, kwa hiyo hata ukitaka huwezi kuhamisha bila wao. Leseni ya LATRA na bima vina njia zake bila wewe kugawa mali. Wakikazania kadi, nyanyuka kwenye kiti, aga vizuri, rudi Himo.

Uliza pia bima ya nani inalinda mzigo. Bima kubwa ya gari inalinda gari. Mifuko ya saruji ikilowa kwa turubai lililochanika pale Mombo, hiyo ni bima nyingine, na kama haipo watakukata wewe. Na mizani: gari lako la ekseli sita linaruhusiwa tani 50 kwa jumla, yaani 8 mbele, 18 ekseli mbili za nyuma ya kichwa na 24 za tela. Ukitoa uzito wa gari lenyewe unabaki na kama tani 30. Mpakiaji akiongeza tani mbili "za kirafiki" na Vigwaza wakakushika, faini ya nani? Iandikwe kwamba aliyepakia ndiye analipa.

Sasa nije kwenye kitu ambacho barua yako imekitaja kwa bahati mbaya tu, kwenye mstari wa kwanza. Una duka la vifaa vya ujenzi!

Mama, wenzako wanaweka mafuta kumtafuta mteja, wewe mteja unakunywa naye chai kila asubuhi. Saruji yako inatoka wapi? Kama inatoka Tanga, sasa hivi unamlipa mwenye semi mwingine akuletee mifuko 600 huku semi yako inatagiwa na kuku. Kutoka Himo hadi Tanga kupitia Same, Mombo na Segera ni karibu zaidi kuliko Dar, dereva analala njiani mara moja tu. Na kushuka si lazima ushuke mtupu. Msimu wa kahawa ukifika, Moshi inapeleka makontena bandarini Tanga. Tazama tela lako kama lina loki za kontena. Kama halina, fundi mzuri anakuwekea, na hiyo ni pesa ningeitoa kabla ya kupaka gari rangi.

Kwa hiyo mimi ningekwenda kwa hao wa Arusha na pendekezo langu. Mkataba wa miezi sita, siyo miwili ya majaribio wala miaka mitatu. Tripu tatu za Dar kwa mwezi ziandikwe, na zikipungua kwa uzembe wao wanifidie siku za kulala. Tripu moja kwa mwezi ni ya kwangu, sikatwi, nembo yao naifunika. Kadi inabaki kwangu. Wakikubali, tripu ya nne, ile yenye faida, inakuwa saruji yako mwenyewe, na wakati huo unajifunza bei za Tanga, unazoeana na wenye maghala, unajua nani analipa na nani anapiga chenga. Baada ya miezi sita utakuwa na wateja wawili watatu wa kwako, na hapo asilimia 15 mtaijadili ukiwa na mahali pengine pa kwenda.

Wakikataa hiyo tripu moja, bado ningewafikiria, ila ningeomba wakate 10. Wakikataa yote na kung'ang'ania kadi, endelea na madalali, kuku waendelee kutaga.

Kitu kimoja kitakuudhi. Duka lazima lililipe gari nauli, bei ile ile unayomlipa mwenye semi mwingine. Daftari mbili, ikibidi akaunti mbili. Nimeona familia za Moshi zimebeba saruji yao bure miaka miwili, duka linanenepa, gari linakufa kwa tairi, halafu wanasema biashara ya malori haina faida.

Na huyo mdogo wako anayetaka kusaini hata leo, muulize kwa upole kampuni imemwahidi nini. Posho za kampuni huwa kubwa kuliko zako. Si dhambi, ila ujue anapokushauri anapiga hesabu yake. Mwongezee kidogo kwa kila tripu inayorudi na mafuta yaliyobaki kwenye tanki, utaona mguu wake unavyokuwa mwepesi.

Mkataba wakikupa, usiusaini ofisini kwao. Omba nakala, futa majina na namba ya gari, unitumie. Nitausoma kifungu kwa kifungu hapa kwenye benchi, na fundi tairi atanisaidia, maana naye aliwahi kuwa na semi.