Bamba la mota: chukua kitovu, vipimo andika mwenyewe

Mota ikishanunuliwa umbo lake halibadiliki tena. Bamba, yaani kipande bapa ambacho mota hufungwa juu yake kwa skrubu, ndilo linaloifuata. Ndiyo maana inafaa kulichora bamba humo humo ndani ya asembli (faili la programu ya usanifu, CAD, linalounganisha vipande vyote), mota ikiwa mbele ya macho. Tuchukue NEMA 17, saizi ya mota iliyo kwenye printa nyingi za 3D.

Anza na kalipa, kifaa cha kupimia: pima mota yenyewe. Modeli za kupakua mara nyingi huwa sahihi usoni, lakini urefu wa mota na upande inakotokea plagi havilingani na ulichonacho mkononi. Usoni tarajia upana wa milimita 42.3, matundu manne ya M3 (skrubu yenye unene wa milimita 3) yaliyoachana 31 kati kwa kati, na duara lililoinuka katikati, kipenyo 22, kimo 2. Kama modeli inatofautiana na mota, sahihisha modeli kwanza.

Sasa weka skechi, mchoro bapa ambao umbo la bamba hujengwa juu yake, kwenye uso wa mota. Hapa wengi hunakili kila mstari wanaouona, na hapo ndipo kazi inapoharibika. Ukinakili duara la 22 utapata tundu la 22 kamili, na mota haitaingia. Kwa bamba la plastiki lililochapishwa ni mbaya zaidi, kwa sababu matundu hutoka madogo kuliko yalivyochorwa. Kutoka kwenye mota chukua uso mmoja, kitovu kimoja na mwelekeo mmoja, basi. Mengine andika mwenyewe: 31 kati ya matundu, 3.4 kwa tundu la skrubu, 22.5 katikati. Siku ukiweka mota nyingine utabadilisha namba tatu, badala ya kufukuzana na skechi zilizogeuka nyekundu kwa sababu kingo zilizonakiliwa hazipo tena.

Kama mota inavuta mkanda, bamba lazima liiruhusu kusogea ili mkanda ukazwe. Kwa mwendo wa 6, matundu ya skrubu yanakuwa marefu, 3.4 kwa 9.4. Kinachosahaulika ni tundu la katikati: nalo lirefuke hadi 28.5, la sivyo duara la mota litagonga ukingo na skrubu hazitasogea hata kidogo.

Angalia pia urefu wa skrubu. Matundu ya mota hii kwa kawaida yana kina cha 4.5 hivi. Kwenye bamba la 5, skrubu ya M3 yenye urefu wa 8 inaingia 3, inatosha. Ya 10 itafika mwisho kabla ya kubana, na utadhani imekaza kumbe bamba linacheza. Kisha chora silinda iliyonyooka juu ya kila kichwa cha skrubu, iwe mfano wa alenki, ufunguo wa kukazia skrubu. Ikigusa puli au ukuta, fundi naye hatapitisha mkono.

Umbo likitulia, funga viungo vya nje, yaani vile vinavyolifanya bamba lifuate mota. Kwenye programu ya SolidWorks alama ya -> pembeni ya jina la bamba itageuka ->*, na mtu akiisogeza mota kwa bahati mbaya, bamba halitajibadilisha. Ukiona ->? maana yake asembli ya asili haijafunguliwa: ifungue kabla ya kugusa chochote.