Kaka, hilo ni jinamizi, si mama jirani

Kaka, umeandika kwamba saa kumi usiku unafungua macho, mwili umekufa ganzi, kivuli kimekukalia kifuani, na sasa unamshuku mama jirani kwamba anakuloga. Mwache huyo mama kwanza. Mimi pia jinamizi lilinikaba miaka miwili hapa Goma, nilipokuwa sentineli wa usiku.

Usingizi huenda kwa mizunguko ya dakika 90 hivi: mwepesi, mzito, kisha ule wa ndoto, ambao hurefuka kuelekea alfajiri. Katika ule wa ndoto ubongo huifunga misuli, usije ukampiga mke teke ukiota unacheza mpira. Wakati mwingine akili huamka kabla kufuli halijafunguliwa. Ndoto inaendelea huku macho yako wazi. Ndicho kile kivuli. Pumzi haikatiki, hata ukihisi unanyongwa, na huisha baada ya sekunde au dakika chache.

Likikujia, usipigane nalo. Pumua polepole, jaribu kutikisa kidole kimoja tu. Lala kiubavu, maana kulala chali hulikaribisha. Na ulale saa zile zile kila siku: kukosa usingizi ndiyo mbolea yake. Maombi hayakatazwi, ila mkesha wa kila Ijumaa utakuzidishia.

Lakini umesema wewe ni motari, unabeba abiria kwa pikipiki. Ukianza kusinzia ghafla mchana, au magoti yakilegea ukicheka, egesha pikipiki, umwone daktari upesi. Vilevile kama mkeo anakuambia unakoroma hadi pumzi inasimama. Na vidonge vya usingizi vya sokoni, hapana.