Kufeli Shuleni na Kuvunja Sheria: Kipi Hutangulia?

SWALI: Ninafundisha katika kituo cha kurekebisha tabia za watoto waliopatikana na hatia. Wengi wana umri wa miaka 15 au 16, lakini hawawezi kusoma aya moja bila kukwama. Wenzangu wanasema kwamba kufeli shuleni ndiko kulikowaingiza katika uhalifu. Je, ni kweli?

JIBU: Mwalimu, ni kweli kwa kiasi. Utafiti ulioanza mwaka 1961 katika eneo la wafanyakazi kusini mwa London uliwafuatilia wavulana 411 tangu walipokuwa na umri wa miaka minane hivi hadi utu uzima, na ukabaini kwamba alama duni katika shule ya msingi zilikuwa miongoni mwa dalili za mapema kwa wale waliokuja kuhukumiwa mahakamani. Hata hivyo, alama hizo ziliandamana na umaskini wa nyumbani, familia kubwa, mzazi aliyewahi kuhukumiwa na malezi yasiyo na uangalizi wa karibu. Mtoto ambaye nyumbani hakuna anayeuliza kama amefika shuleni hukosa masomo, na saa hizo hizo huzitumia pamoja na waliomtangulia katika makosa; chanzo ni kimoja, matokeo mawili. Kisha matokeo hayo huchocheana, kwa kuwa asiyejua kusoma huaibika mbele ya wenzake, hutoroka au husimamishwa masomo, na kila juma analokosa humrudisha darasani akiwa nyuma zaidi.

Kwa hiyo nakuomba usianze na silabasi ya umri wake. Chunguza kwanza macho na masikio yake, lugha anayoielewa vizuri, mahali kusoma kwake kulipokomea na idadi ya shule alizohamishwa. Wapo walioitwa wakaidi kwa miaka mingi, kumbe hawaoni ubao, na hilo huniuma kila ninaposikia habari zao.

Tazama pia vyeti mnavyotoa. Kanuni za Umoja wa Mataifa za mwaka 1990 kuhusu ulinzi wa watoto walionyimwa uhuru zinaelekeza kwamba cheti alichopata mtoto akiwa kizuizini kisioneshe kwa namna yoyote kwamba aliwahi kuzuiliwa. Kama vyeti vyenu vina jina au muhuri wa kituo, lifikishe jambo hilo kwa mkuu wako kabla ya mtihani ujao.