Wazazi ndio walioanza

Dada, umeuliza kama mzazi wa kawaida anaweza kubadili chochote kwa watoto wenye ADHD (hali inayomfanya mtoto apate shida kutulia na kuwa makini) au tuwaachie wataalamu tu. Tazama Marekani. Mwaka 1987, huko Florida, wazazi waliochoka kuhangaika na wanao peke yao waliungana na wataalamu, akiwemo mwanasaikolojia Harvey Parker, wakaanzisha CHADD, shirika la kutetea watoto wenye ADHD. Mzazi alileta yanayotokea nyumbani saa ya homuwek, mtaalamu akaleta lugha inayoeleweka wizarani. Sheria ya elimu maalumu iliporekebishwa mwaka 1990, ADHD haikutajwa. Hawakunyamaza. Septemba 1991 Wizara ya Elimu ikatoa waraka kwamba watoto hawa wanaweza kuhudumiwa chini ya sheria zilizokuwepo, na mwaka 1999 kanuni za sheria hiyo zikaitaja ADHD wazi. Hesabu miaka hiyo, dada yangu!

Doa lipo pia: CHADD ilipokea pesa za kampuni ya Ciba-Geigy, waliokuwa watengenezaji wa Ritalin, dawa ya ADHD, na miaka ya 1990 ilikosolewa sana kwa hilo. Mkianzisha kikundi, kubalianeni mapema pesa zitoke wapi.

Mimi nilianza na karatasi moja tu: mwanangu akae dawati la mbele, mbali na dirisha, hesabu apewe tano kwanza, akimaliza ndipo aongezewe. Mwalimu wake aliibandika ndani ya jalada la daftari lake la maandalio. Ukitaka nikuandikie mfano wake, sema.