Kwa nini jino la bandia huchomoka kwenye akriliki?

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni fundi katika maabara ndogo ya meno. Mara kwa mara wagonjwa hurudi baada ya miezi michache, jino moja la mbele likiwa limechomoka kwenye kitako cha akriliki (sehemu ya plastiki ya waridi inayokaa juu ya ufizi), ingawa jino lenyewe ni zima kabisa. Je, nibadilishe aina ya meno ninayonunua, au kasoro iko katika kazi yangu?
Msomaji, Tanga

JIBU: Ndugu msomaji, kabla hujabadilisha meno, chunguza upande wa chini wa jino lililochomoka. Ukikuta mabaki ya akriliki ya waridi, kilichovunjika ni kitako, maana yake mshikamano ulikuwa imara kuliko kitako chenyewe. Ukikuta ni laini na unang'aa kama ulivyotoka kiwandani, jino hilo halikushika tangu mwanzo, na mshukiwa wa kwanza ni nta.

Nta, inayoshikilia meno kwa muda kabla ya akriliki kutiwa, inapoyeyushwa kwenye flaski (chombo chenye ukungu wa jasi) huacha utando mwembamba ambao jicho halioni, nao huizuia monoma (kimiminika cha akriliki) isipenye ndani ya jino. Fundi anayesuuza kwa maji yale yale aliyoyeyushia nta anaurudisha utando huo mwenyewe. Tumia maji mapya yanayochemka yenye sabuni ya maji, kisha malizia kwa maji mengine safi yanayochemka, mpaka ndani ya kila shimo la jino. Dawa ya alginati inayopakwa kwenye jasi ili akriliki isiishike nayo ina madhara hayo hayo ikitiririkia jino. Ipake kwa brashi ndogo, na uifute popote ilipogusa meno.

Baada ya hapo, paruza upande wa chini wa jino ili kuondoa mng'ao, ulowanishe kwa monoma kwa dakika tatu hivi, na ushindilie akriliki mara tu inapoacha kunata vidoleni, kwa kuwa ikishakauka kupita kiasi haina monoma huru ya kutosha kupenya. Usifupishe upishi: nyuzijoto 74 za selsiasi kwa saa 8 au zaidi, au saa 2 kwa nyuzijoto hizo na saa 1 kwa nyuzijoto 100.

Aina ya meno ina uzito wake pia, lakini si kama wengi wanavyodhani. Meno ya akriliki yaliyoimarishwa sana huchakaa polepole ila hushika kwa shida, na ndiyo sababu watengenezaji wengi huacha tabaka la chini bila kuliimarisha sana. Ukilisaga mno kwa kukosa nafasi, unaliondoa tabaka lile lile linaloshika. Meno ya kauri hayaungani na akriliki kikemia, bali hutegemea pini au mashimo.

Kwa wagonjwa ambao meno yao yameshachomoka, chonga mfereji mdogo nyuma ya jino kabla ya kutia akriliki baridi (inayoganda bila kupikwa), kwa sababu akriliki hiyo peke yake hushika kwa udhaifu kuliko ile ya kupikwa. Uwaombe pia walete jino bila kulibandika kwa supagluu nyumbani, kwani gundi hiyo ikikauka hulazimu kusagwa yote, na jino halikai tena mahali pake sawasawa.