Siga ya Cuba "iliyokomaa": nilichoonja mwenyewe

Mkuu, umeuliza swali zuri. Shemeji kakupa siga moja, ile sigara nene ya majani ya tumbaku yaliyosokotwa, aina ya Partagás Serie D No. 4 ya boksi la 2016, anakwambia imekomaa, yaani imehifadhiwa miaka kabla ya kuvutwa, nawe unataka kujua huko kukomaa kuna ladha gani au ni maneno ya wauzaji tu. Nilifanya kazi Dubai miaka sita kwenye chumba cha wavuta siga cha hoteli moja, kabati la kuhifadhia nalikagua mimi kila asubuhi. Nitasema niliyoyaonja.

D No. 4 hiyohiyo niliivuta kwanza ikiwa mbichi. Pilipili tupu! Ukiinusa kabla hujawasha, banda la kuku kabisa. Hiyo ni amonia. Tumbaku huvundikwa kabla ya kusokotwa, na kule kuvunda hakukomi siku boksi linapofungwa, kunaendelea polepole. Miaka ikipita amonia inatoka, ukali unashuka, ladha zilizofunikwa zinaanza kusikika.

Mimi na jamaa wawili tukachanga tukanunua boksi la siga 25, tukawa tunavuta kwa miadi. Mwaka wa pili, bado pilipili. Mwaka wa nne, usiku mmoja baada ya zamu, nikawasha yangu nikanyamaza. Mwanzo kahawa chungu, ile ya vikombe vidogo. Ilipofika katikati ikageuka korosho za kuchoma, na puani ikaja harufu ya sanduku la bibi unapolifungua utoe khanga: mbao, na kitu kitamu kwa mbali. Pilipili ilikuwepo, ila imekaa nyuma kama mgeni mwenye adabu.

Sasa usidhani kadiri inavyozeeka ndivyo inavyonoga. Mteja mmoja aliwahi kunionjesha siga laini ya zaidi ya miaka ishirini, na bei yake sitaitaja. Majani makavu ya chai, basi. D No. 4 ina nguvu za kutosha kungoja, siga nyepesi inaishiwa mapema.

Kuivuta: moshi usiupeleke mapafuni. Uache mdomoni, kisha sukuma kidogo utokee puani, hapo ndipo hizo korosho zilipo. Mvuto mmoja kwa dakika unatosha. Ukiikimbiza inapata moto, na siga yenye moto ni chungu hata ingekuwa ya mwaka gani. Ule kwanza, maana nikotini kwenye tumbo tupu itakulaza chini na jasho jembamba. Na kuzeeka hakuifanyi iwe dawa, tumbaku ni tumbaku.

Swali la kumuuliza shemeji ni moja: ililala wapi? Siga inataka unyevu wa asilimia 65 hadi 70 na ubaridi wa nyuzi 18 hadi 20 hivi. Mimi niliporudi Dar nilikuja na sita zilizobaki, nikaziweka kwenye kopo la plastiki, kabati la jikoni, eti kwa muda tu. Baada ya wiki chache nafungua nakuta vitundu kama vya sindano na unga chini ya kopo. Kuna kidudu cha tumbaku, kahawia, kama fukusi wa mahindi. Mayai yake hujificha humohumo kwenye majani, joto likizidi yanaanguliwa. Nne zikaenda jalalani. Miaka yote ile!

Kwa hiyo kabla ya kukata kichwa, ile ncha ya kuweka mdomoni, izungushe kwenye mwanga. Ibonyeze taratibu: ikilia kama jani kavu, imekauka. Ukungu wenye manyoya, wa kijani au buluu, tupa. Ikiwa safi, ikate leo jioni, usiniambie unaingoja harusi ya mtu. Ukikuta vitundu, lawama mpelekee shemeji.