Magamba ya Kamukunji na almasi mbili

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Mimi ni fundi wa Kamukunji, Nairobi. Nikifua chuma cha moto hudondoka magamba meusi yanayonaswa na sumaku. Yakigandamizwa sana, yatanaswa bado?

JIBU: Marahaba, fundi. Magamba hayo ni oksaidi za chuma, ikiwemo magnetiti, ile inayonaswa na sumaku. Niliwahi kuyaokota huko huko, nikayamwaga juu ya karatasi darasani na kupitisha sumaku ya spika kuukuu chini yake. Yakasimama kama manyoya ya paka aliyeshtuka!

Nguvu hiyo hutoka kwa elektroni za chuma zisizo na wenzi. Ukigandamiza mno, oksijeni huisogelea atomi ya chuma, na elektroni hulazimika kukaa jozi, usumaku wa moja ukielekea juu, wa nyingine chini, zikafutana nguvu. Ili kufikia mgandamizo huo, wanasayansi hubana kipunje cha oksaidi kati ya ncha za almasi mbili. Hematiti, ndugu wa kutu yako nyekundu, hupoteza usumaku wake karibu na gigapaskali 50, mara laki tano ya shinikizo la hewa. Nyundo haifiki huko, fundi wangu. Ila chini ya miguu yetu, kilomita 1,200 hivi, shinikizo hilo lipo kila siku.